Barry Evans: Mwalimu Brown aliyeishia kwenye teksi

Wiki hii siasa tuiweke pembeni kidogo, wadau. Siasa haiishi, tutaikuta palepale kesho. Leo nataka tumzungumzie Mwingereza mmoja ambaye wengi wetu sura yake tunaijua vizuri sana, ila tukiulizwa jina lake tunaanza kukuna kichwa. Ni yule mwalimu kijana mwenye nywele zilizoshuka hadi masikioni, tai shingoni, sauti ya upole, anayeingia darasani jioni na kukuta Mhindi na Mpakistani wanataka kutoana macho. Wanafunzi wake walimwita Mr. Brown, na sisi huku tukabaki na jina hilohilo. Kipindi chenyewe ni Mind Your Language. Jamaa mwenyewe anaitwa Barry Evans.

Kipindi hicho kimezunguka dunia kuliko mabalozi wengi. Kenya kilionyeshwa na kurudiwa tena na tena. Sisi wa Bara tulichelewa kupata luninga, maana vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994 (Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na hawakutuacha tusahau), kwa hiyo huku kuna waliokijua kwanza kwa mikanda ya video. Nigeria walikicheka, Pakistan na Sri Lanka walikicheka, Wahindi wakakipenda hadi wakatengeneza cha kwao, Zabaan Sambhalke, mwaka 1993. Wamarekani nao walijaribu lao, What a Country!, mwaka 1986, likadumu msimu mmoja tu. Leo vipande vyake vimejaa YouTube na watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanavicheka kama vimetoka jana.

Wakati dunia yote hiyo inacheka, yule mwalimu alikuwa ameshakosa kazi. Hapo ndipo habari yake inaponigusa.

Twende taratibu. Barry Evans alizaliwa tarehe 18 Juni 1943 huko Guildford, kusini mwa Uingereza. Alitelekezwa akiwa mtoto mchanga. Akalelewa na kusomeshwa katika shule za bweni za yatima zilizokuwa chini ya shirika la hisani la Shaftesbury. Huko shuleni ndiko walikogundua kuwa kijana akipanda jukwaani watu wanamtazama, wakawa wanampa nafasi kubwa katika michezo ya kuigiza. Baadaye akapata ufadhili wa kusoma Central School of Speech and Drama jijini London, chuo ambacho kimetoa waigizaji wakubwa kweli kweli. Mtoto asiye na baba wala mama wa kumshika mkono akafika hapo kwa kipaji chake. Sio jambo dogo.

Nyota yake iliwaka mapema. Mwongozaji Clive Donner alimchukua kuwa mhusika mkuu wa filamu ya Here We Go Round the Mulberry Bush, iliyotoka mwaka 1968. Aliigiza mwanafunzi wa sekondari anayezunguka mji na baiskeli, kichwani ana wasichana tu. Evans mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka 24, lakini ukimwangalia unaapa ana 17. Filamu ikachaguliwa kushindania tuzo kwenye tamasha la Cannes la mwaka huohuo, na bahati mbaya ikaanzia hapo: Mei 1968 Ufaransa iliwaka moto kwa migomo na maandamano, tamasha likavunjwa katikati. Tuzo hazikutolewa kwa mtu yeyote.

Naomba uikumbuke sura hiyo ya miaka 17, maana ndiyo iliyomlisha na ndiyo iliyomnyima kula.

Televisheni ikamwita. Mwaka 1969 kampuni ya London Weekend Television, LWT, ilianzisha Doctor in the House, vichekesho vya wanafunzi wa udaktari kutoka kwenye vitabu vya Richard Gordon. Miongoni mwa waandishi walikuwemo John Cleese na Graham Chapman, wale ambao mwaka huohuo walikuwa wanaanzisha Monty Python. Evans aliigiza Michael Upton, kijana mpole, mwenye aibu kidogo, anayejikuta kwenye matatizo yaliyoanzishwa na wenzake. Kipindi kikapendwa sana. Mwaka 1971 kikafuatia Doctor at Large, Evans akiwa bado ndiye mhimili. Halafu akaondoka. Kipindi kikaendelea bila yeye, Robin Nedwell akashika usukani katika Doctor in Charge mwaka 1972, na treni haikusimama hata kidogo.

Waigizaji wengi wanaoacha kipindi kinachopendwa huwa na hesabu moja kichwani: sasa watu wameniona, watanipa makubwa zaidi. Kwa Evans makubwa hayakuja. Alikuwa anakaribia miaka 30 na bado sura ni ya mtoto wa shule. Nani angempa nafasi ya baba wa familia? Nani angempa mpelelezi, mwanasiasa, muuaji? Alipata filamu ya kutisha, Die Screaming, Marianne, mwaka 1971. Kisha mwaka 1976 akacheza Adventures of a Taxi Driver, moja ya zile komedi za vitandani ambazo Uingereza ilizitoa kwa wingi miaka ile, akiwa dereva teksi wa London anayekimbizwa na wanawake. Kama uigizaji hauna kitu cha maana sana, ila jina la filamu ulishike. Tutalirudia.

Halafu Desemba 1977 akapewa darasa.

Mwandishi Vince Powell ndiye aliyelibuni. Wazo ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hakuna aliyelifikiria kabla: chukua chuo cha elimu ya watu wazima London, weka darasa la jioni la Kiingereza, jaza wageni kutoka kila pembe ya dunia, kisha muingize mwalimu mmoja kijana. Katika kipindi cha kwanza mkuu wa chuo, Miss Courtenay, alikuwa anataka mwalimu mwanamke, na mwalimu aliyetangulia alishapata wazimu. Brown akachukuliwa kwa majaribio.

Hapa Mtanzania anayejua historia yake anatabasamu. Muongo huohuo wa 1970, na sisi tulikuwa darasani jioni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima wazee wakakaa kwenye madawati ya wajukuu kujifunza kusoma. Kila aliyewahi kusikia visa vya ngumbaru anajua kuwa mtu mzima kwenye dawati ni kichekesho tayari, hata kabla hajafungua mdomo. Ana heshima yake mtaani, ana mke, ana madeni, na sasa anaogopa kuitwa ubaoni. Powell alilijua hilo. Ndiyo maana kichekesho chake kinavuka mipaka bila pasipoti.

Basi wakapangwa. Ranjeet Singh, Kalasinga wa kuomba radhi mara elfu. Ali Nadim, Mwislamu kutoka Pakistan, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kugombana na Ranjeet. Jamila, mama wa Kihindi na kitambaa chake cha kufuma. Giovanni wa Italia na Max wa Ugiriki, mapacha wa matatizo. Juan wa Hispania anayejibu kila swali kwa Kihispania. Taro wa Japani, Su-Lee wa China na kitabu chekundu cha Mao mkononi, Anna wa Ujerumani, Danielle wa Ufaransa ambaye wanaume wote darasani wanamtolea macho, mwalimu akiwemo.

Na waigizaji wenyewe? Hawa ndio walionifurahisha zaidi nilipoanza kuwafuatilia. Mgiriki Max aliigizwa na Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Mjapani Taro ni Robert Lee, mwenye asili ya Kichina. Mhispania Juan ni Ricardo Montez wa Gibraltar. Mfaransa Danielle ni Françoise Pascal, mzaliwa wa Mauritius. Mpakistani Ali ni Dino Shafeek, aliyezaliwa Dhaka. Mhindi Ranjeet ni Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Yaani wengi darasani walikuwa watu wa asili moja wanaoigiza kuwa wageni wa asili nyingine, na kwa watazamaji wa Kiingereza ilikuwa sawasawa tu.

Mwafrika je? Katika wale wanafunzi wa kudumu wa miaka ile ya mwanzo hakuwepo. Sisi tulikaa kwenye makochi tukacheka kutoka nje, na nadhani ndiyo maana tulicheka kwa raha namna ile.

Sasa kuhusu Evans mwenyewe, maana watu wakikumbuka kipindi hiki wanakumbuka wanafunzi. Wao ndio wenye maneno ya kuchekesha. Evans karibu hana. Kazi yake ni kuuliza swali, kupokea jibu la ajabu, na kunyamaza. Mwangalie vizuri safari nyingine. Jibu likija, kwanza analiamini kwa nusu sekunde. Kisha macho yanapanda juu kidogo. Kisha anavuta pumzi na kulirudia lile jibu polepole, kama mtu anayehesabu chenji aliyopunjwa na konda. Kicheko chote cha watazamaji kinategemea ile nusu sekunde. Akiiwahi, kimeharibika, akiichelewesha, kimepoa. Na jambo la pili: hawacheki wanafunzi wake. Anachoka, anakasirika, lakini huoni dharau usoni kwake. Mngeweka hapo mwigizaji mwenye kejeli, kipindi kizima kingekuwa matusi matupu.

Wapo waliosema kilikuwa matusi hivyohivyo, na hoja yao haikuwa ya hewani. Uingereza ya mwaka 1977 haikuwa darasa la kuchekesha kwa mtu mwenye ngozi nyeusi au ya kahawia. Agosti ya mwaka huo chama cha kibaguzi cha National Front kiliandamana Lewisham, kusini mwa London, na mitaa ikageuka uwanja wa mapambano. Miaka mitano nyuma yake, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na kiasi cha watu 28,000 wakaishia Uingereza. Watu hao, pamoja na Waasia wa Kenya waliotangulia mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi walikuwa wamesoma Kiingereza tangu shule ya msingi, na Kiswahili juu yake. Walikuwa na maduka, walikuwa wahasibu na mawakili. Kisha mtoto wao anaenda shuleni Leicester au London siku ya Jumatatu, wenzake wanamuiga Ranjeet wakitikisa kichwa. Huyo mtoto hakucheka.

Tena Vince Powell hakuwa mgeni kwenye lawama hizo. Yeye na mwenzake Harry Driver ndio waliobuni Love Thy Neighbour, kipindi cha mwaka 1972 hadi 1976 kuhusu mzungu na jirani yake mweusi wanaotukanana kila wiki kwa rangi zao.

Lakini na sisi tusijifanye malaika. Lafudhi imetulisha vichekesho tangu zamani. Nani hajawahi kumuiga Mhindi wa dukani na "veve" zake? Nani hajawahi kumcheka Mhaya, Mmakonde, au mtu wa kutoka kanda ambako "l" na "r" zimebadilishana nyumba? Kenya walikuwa na Mzee Ojwang wa Vitimbi, ambaye kwa miaka na miaka alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na kumbe nyuma ya yule mzee alikuwepo Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki mwaka 2015 waliomlilia walikuwa Wajaluo na Wakikuyu vilevile. Ila Ojwang alikuwa anachekwa na watu wa nyumbani, kwa lugha ambayo kwa wengi wao nao ilikuwa ya kujifunza. Ranjeet alikuwa anachekwa na wenye lugha yao, wenye serikali yao, wenye uwezo wa kumwambia arudi kwao. Kwangu tofauti ipo hapo, na ni kubwa. Na bado nikiona Ranjeet na Ali wanaanza, nacheka. Nifanyeje?

Uamuzi ulikuja mwaka 1979. Mmoja wa wakuu wa LWT, Michael Grade, aliona kipindi kinawadhalilisha watu wa mataifa mengine akakifuta, pamoja na kwamba watazamaji walikuwepo kwa mamilioni. Misimu mitatu, vipindi 29, basi. Wengine waliotoka kwenye lile darasa walipata pa kwenda. Malikyan, kwa mfano, utamkuta mwaka 1989 katika Indiana Jones and the Last Crusade. Mwalimu ndiye aliyebaki amesimama ubaoni.

Fikiria hali yake. Ana miaka 36. Amekuwa uso wa vipindi viwili vilivyopendwa, na uso wenyewe bado unakataa kuzeeka. Cha kwanza kimemfunga kwenye ukijana. Cha pili sasa kwao kinatajwa kama aibu, na yeye ndiye picha yake. Alipata nafasi hapa na pale, mfano kwenye mfululizo wa mchekeshaji Dick Emery mwaka 1982, lakini simu ilizidi kukaa kimya.

Kilichomrudisha kwa muda ni sisi, sisi wa nje. Nchi za mbali ziliendelea kukitaka kile kipindi, na mwaka 1986 kikafufuliwa na kampuni binafsi, vipindi 13, Evans akiwa Brown kwa mara nyingine. Uingereza kwenyewe kilionyeshwa na baadhi tu ya vituo vya mikoani. Na darasa halikuwa lilelile. Dino Shafeek, yule Ali, alikuwa amefariki Machi 1984 akiwa na miaka 53. Tommy Godfrey, aliyekuwa Sidney mhudumu wa chuo, naye alifariki mwaka huohuo. Ukiviangalia vipindi vile leo unaona kabisa kuwa moto haupo. Brown ana miaka 43, bado koti, bado tai, bado ile nusu sekunde, ila anayempa jibu la ajabu si yule aliyemzoea.

Baada ya hapo alihamia Leicestershire, katikati ya Uingereza, akaishi kijijini kwenye nyumba ya chini huko Claybrooke Magna. Mwaka 1993 alipata nafasi ndogo katika filamu ya The Mystery of Edwin Drood, na ndiyo ikawa ya mwisho. Kula akawa anakula kwa usukani. Barry Evans, aliyeigiza dereva teksi mwaka 1976, alikuwa sasa dereva teksi. Abiria anakaa nyuma, anamtazama kwenye kioo, sura anaijua, jina halimjii.

Simdharau dereva teksi, nieleweke. Ni kazi, inalisha familia ngapi hapa mjini. Lakini mtu aliyetoka shule ya yatima hadi Central School kwa kipaji kitupu hakukipeleka kipaji kile huko ili kije kukaa kwenye foleni ya abiria.

Februari 1997 gari lake liliibwa. Polisi wakalipata, wakaenda nyumbani kwake tarehe 9 kumpa habari. Wakamkuta sebuleni, amekufa. Alikuwa na miaka 53, umri uleule aliokufa nao Ali wake wa darasani. Uchunguzi ulikuta alama ya pigo kichwani na kiwango kikubwa cha pombe mwilini. Karibu yake kulikuwa na wosia mfupi. Kijana wa miaka 18 alikamatwa, kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mchunguzi wa vifo alifunga kesi kwa uamuzi wa wazi, maana yake chanzo hakikuthibitishwa, na hadi leo kimebaki hivyo.

Sakafuni kulikuwa na vidonge vya aspirini vilivyomwagika. Ilionekana hakuvimeza. Pakiti yake ilikuwa bado na bei ya shilingi na pensi za zamani, pesa ambazo Uingereza iliziacha Februari 1971, mwaka ule alipokuwa Dk. Upton na kila mlango uko wazi.